Uvunguni mwa Gari Ndiko Kwenye Alama

Kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia kwisha, ukumbi mkubwa wa mikutano wa Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, hujaa magari yasiyofanana na lolote lililowahi kutoka kiwandani. Paa zimeshushwa, milango haina vitasa, injini zimeng'arishwa hadi boliti ya mwisho. Haya ni maonyesho ya Autorama, yaliyoanza mwaka 1953, na ndani yake hushindaniwa tuzo ya Don Ridler, ambayo wasukaji wa magari ya aina hii huiona kuwa kilele cha kazi yao. Mtazamaji wa kawaida hulipa kiingilio, hupiga picha, husifu rangi na kwenda zake. Jaji hafanyi hivyo. Jaji huinama na tochi akachungulia uvunguni, akafuata bomba la breki kutoka mbele hadi nyuma, akatazama kama waya zimefungwa vizuri au zinaning'inia, kama chesisi imepakwa rangi hata pale ambapo mpita njia hawezi kuona. Humo gizani ndimo alama hupatikana au kupotea. Nadhani hapo ndipo thamani ya maonyesho haya ilipo, na ndipo wanaoyabeza wanapopita bila kuona. Kuingiza gari kwenye maonyesho ni kukubali kazi yako ikaguliwe na mtu ambaye hakudai wala hakuogopi, kwa kanuni zilizoandikwa, hadi mahali ambapo ungeweza kulipua kazi na hakuna ambaye angejua.

Historia yenyewe inaunga mkono maelezo haya. Kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua magari makuukuu ya Ford, wakiyavua madigadi ili yawe mepesi, wakiyatia injini zenye nguvu zaidi na kuyashindanisha kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, kama Muroc na El Mirage. Wapo waliohamishia mbio hizo barabarani, na jina la wote likachafuka. Magazeti yaliwaita hatari kwa umma, polisi wakawaandama. Chama chao cha mbio za majangwani, kilichoundwa mwaka 1937, kilijua kwamba hakuna hotuba ambayo ingewasafisha. Januari 1948 kiliandaa maonyesho jijini Los Angeles, katika jengo la kikosi cha akiba cha jeshi, na wananchi wakaalikwa kuja kutazama magari hayo kwa karibu: namna yalivyochomelewa, yalivyofungwa breki, yalivyonyooshwa bodi. Hapo hapo kijana mmoja aitwaye Robert Petersen aliuza toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Maonyesho ya kwanza yenye sura tunayoifahamu leo, basi, yalizaliwa kama utetezi. Watu walioshutumiwa kwamba magari yao ni ya kuungaunga na ya kuhatarisha maisha walijibu kwa kufungua boneti mbele ya waliowashutumu.

Miaka miwili baadaye, Januari 1950, mwandaaji Al Slonaker alifanya maonyesho mengine mjini Oakland, naye akaongeza kombe la gari zuri kuliko yote la Marekani lililo wazi juu na lisilo na vioo vya pembeni vya kupandisha. Kombe hilo lina urefu wa futi 9, na bado linashindaniwa, sasa katika mji wa Pomona. Mshindi wa kwanza alikuwa Bill NieKamp, kwa Ford ya mwaka 1929 aliyoisuka kwa gharama ya chini ya dola 2,000. Gari hilo halikuwa pambo tu. Mwenyewe alilipeleka El Mirage na likapita kasi ya kilomita 220 kwa saa. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari la Petersen, Los Angeles.

Anayetaka kuingiza gari lake huanza na karatasi. Hujaza fomu, huambatanisha picha, na huchagua kundi atakaloshindania, kwa sababu gari la mwaka 1932 lililoshushwa paa haliwezi kupimwa kwa mizani moja na gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990 lililoongezewa tabo. Katika fomu au kwenye karatasi ya majaji huorodhesha kila kitu alichobadilisha. Orodha hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani: kazi nzuri kuliko zote ni ile isiyoonekana kama kazi, na jaji ambaye hajaambiwa kwamba paa limeshushwa sentimita saba anaweza kupita akidhani ndivyo kiwanda kilivyolitoa. Ukumbini nako kuna masharti ya zimamoto. Kanuni zinazotumika katika sehemu nyingi za Marekani hutaka tangi la gari lililo ndani ya jengo lisizidi robo, au lita 19 hivi kama robo ni zaidi ya hapo, betri ichomolewe, na kifuniko cha tangi kifungwe. Kisha gari huegeshwa, milango, boneti na buti hufunguliwa, na wengi huweka vioo sakafuni ili uvungu uonekane bila mtu kulala chini. Vioo hivyo peke yake vinatosha kueleza ushindani unahusu nini.

Kilicho kigumu hasa ni kazi inayotangulia siku hiyo, na inafaa kuitazama sehemu moja tu kwa makini: mlango na ubavu wa gari. Rangi nyeusi inayong'aa haifichi kosa lolote. Taa za ukumbini zikiakisi juu yake, bonde dogo ambalo kidole hakilihisi linaupinda mstari wa mwanga na kila mtu analiona. Kwa hiyo fundi bodi, akishanyoosha bati na kupaka puti na primu, hupuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya ubavu wote. Halafu huchukua msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu na kuupitisha kwa mshazari, upande mmoja kisha mwingine. Mahali palipoinuka ule weusi hutoka mara moja, palipobonyea hubaki. Alama nyeusi zinazobaki ndizo ramani yake. Hujaza, husubiri ikauke, hupuliza tena, hupiga msasa tena, akipanda kutoka msasa mkali hadi ule laini wa namba 600 na zaidi, na ubavu mmoja unaweza kula wiki nzima. Mwanya kati ya mlango na bodi nao lazima uwe sawa juu, chini na pembeni. Fundi anayejua huuacha mpana kidogo wakati bati bado tupu, kwa sababu tabaka za primu, rangi na vanishi zitaupunguza; asipofanya hivyo mlango utakwangua rangi siku ya kwanza utakapofungwa.

Ndiyo maana magari ya kiwango hiki hujengwa mara mbili. Kwanza linaunganishwa lote bila rangi, injini inawashwa, gari linaendeshwa, kila kinachogongana au kinachovuja kinarekebishwa. Kisha linafumuliwa hadi nati ya mwisho, kila kipande kinapakwa rangi au kromu peke yake, na linaunganishwa upya kwa mikono iliyovaa glavu. Mwaka 2015 tuzo ya Ridler ilichukuliwa na Impala ya mwaka 1965 iliyosukwa na Chip Foose, ambaye alikwisha kushinda mwaka 2002, 2003 na 2005. Kwa nje ni Impala. Chini ni Corvette ya mwaka 2009, na bodi ya Impala ilikatwa na kufupishwa ili ikae juu ya chesisi hiyo bila umbo lake kuharibika. Mtu anaweza kulizunguka gari hilo mara tatu asijue kilichofanyika. Majaji walijua, kwa sababu waliangalia kama mjuzi wa kanzu anavyoigeuza ndani kutazama mishono kabla ya kuuliza bei.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji atakuwa nalo ni la fedha, nalo ni la haki. Magari yanayofika fainali za Detroit, yale nane yanayochaguliwa mwanzoni mwa maonyesho, husemwa mara nyingi kwamba yamekula dola laki kadhaa, na mengine yamevuka milioni. Mwenye gari mara nyingi si aliyeshika msasa. Ni tajiri aliyeajiri gereji kwa miaka minne au mitano. Mwenye kazi ya kawaida anawezaje kuingia humo? Jibu la kweli ni kwamba katika kundi hilo la nane hawezi, na hakuna sababu ya kumdanganya. Lakini fedha hainunui alama moja kwa moja. Zawadi ya Ridler ni dola 10,000, kiasi ambacho hakitoshi hata kulipia rangi ya gari lililoshinda, kwa hiyo hakuna anayeingia kwa kutafuta faida. Anachokitafuta tajiri yule ni uthibitisho kwamba kazi aliyoilipia ni bora, na uthibitisho huo unatolewa na watu wanaotazama mikono ya fundi. Sharti la tuzo hiyo nalo ni kwamba gari liwe halijawahi kuonyeshwa popote hadharani. Huwezi kununua gari lililokwisha kupata sifa ukaja nalo. Lazima ulete kazi mpya na uiache ihukumiwe. Tena nje ya wale nane kuna mamia ya magari katika makundi mengine, na chini kabisa ya ukumbi huo huo wa Detroit kuna sehemu iliyotengwa kwa magari ya mtindo wa zamani, mengi yakiwa na rangi ya kufifia na vyuma vya kuokoteza, yaliyosukwa na wenyewe katika mabanda ya nyumbani. Wapo wanaokwenda Detroit kwa ajili ya sehemu hiyo tu, na siwalaumu.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi kwa maoni yangu. Gari ambalo haliwezi kwenda barabarani, linaloletwa kwa trela na kuondoka kwa trela, lina haki gani ya kuitwa gari? Waandaaji wenyewe wamelisikia swali hili. Katika shindano la kombe la futi 9, gari lazima liwake, liende mbele, lirudi nyuma na likate kona kwa nguvu yake lenyewe kabla ya kufikiriwa. Ni mtihani mdogo, nakubali. Lakini tazama gari ambalo pengine ndilo maarufu kuliko yote katika fani hii: Mercury ya mwaka 1951 ambayo George na Sam Barris walimsukia kijana Mmarekani mwenye asili ya Japani, Bob Hirohata, mwaka 1952. Walishusha paa, wakaondoa nguzo za katikati, wakalipaka kijani cha aina mbili. Lilishinda kwenye maonyesho ya Los Angeles mwezi Novemba mwaka huo. Mwaka 1953 Hirohata akalitia injini ya Cadillac akaliendesha mwenyewe kutoka Los Angeles hadi Indianapolis, safari ya zaidi ya kilomita 3,000, ili kulionyesha huko. Mwaka 1959 kijana mwingine alilinunua kwa dola 500, akaishi nalo miongo mingi, na Januari 2022 liliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni 2. Gari lililoundwa kwa ajili ya kutazamwa liliweza kuvuka nusu ya bara kwa sababu ufundi wa ndani ulikuwa wa kweli. Gari ambalo haliwezi kutembea kwa kawaida lina kasoro ambayo jaji makini ataikuta akitazama vya kutosha: usukani unaogusa bomba la moshi, tairi linalokwangua bodi likipinda, radieta isiyopata hewa.

Wapo pia wasanii wanaosema kwamba karatasi ya alama inaua ubunifu, na historia imewapa ushahidi. Katika miaka ya 1960 na 1970, pale alama zilipotolewa kwa wingi wa mabadiliko, watu walianza kurundika: televisheni ndani ya gari, manyoya kwenye viti, kromu juu ya kromu, vitu ambavyo havikulipendezesha gari wala kulisaidia. Walikuwa wanafuata karatasi badala ya gari. Hapa nakubaliana na wanaolalamika, isipokuwa katika hitimisho lao. Kosa lilikuwa la kile kilichopimwa. Ukitoa alama kwa idadi, utapata idadi. Ukitoa alama kwa namna kazi moja ilivyokamilishwa, utapata watu wanaotumia mwezi mzima kwenye bawaba ya buti, na bawaba hiyo haimlazimishi mtu kuchagua rangi, umbo wala mtindo wowote.

Tena kanuni inaweza hata kuzaa ubunifu, na kwa upande wa sheria za serikali mfano mzuri ni ule wa magari yanayoshushwa hadi kukaribia kugusa lami, mtindo uliokuzwa hasa na Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1950 California ilipiga marufuku gari ambalo sehemu yoyote ya mwili wake iko chini ya ukingo wa rimu. Ron Aguirre, mwenye Corvette iliyokuwa ikimletea faini, alifunga mitambo ya haidroliki iliyotokana na vipuri vya ndege: gari likiegeshwa kwenye maonyesho linalala chini, likiingia barabarani linainuka hadi kimo halali. Sheria ilimlazimisha abuni kitu ambacho leo ni alama ya fani nzima. Mwaka 2023 jimbo hilo hilo lilipitisha sheria ya kuondoa marufuku hiyo, ikaanza kutumika Januari 2024. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla serikali haijakubali kwamba gari lililoshushwa kwa ufundi si kosa la jinai.

Suala la kukagua magari, na la sheria kuyabana, si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Nairobi ina shindano la magari la Concours d'Elegance, linaloandaliwa na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo tangu mwaka 1970 na linalofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Humo gari hukaguliwa nje, ndani, kwenye injini, kwenye buti na uvunguni, na matope kidogo chini ya madigadi yanatosha kumpokonya mtu ushindi. Lakini shindano hilo hutuza hasa gari lililotunzwa. Kusukwa upya kuna uwanja mwingine, nao ni mkubwa zaidi: matatu za Nairobi, zile nganya zenye michoro ya kupuliza, skrini, taa za kila rangi na muziki unaosikika kabla gari halijafika. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zililazimisha kila matatu kuwa na mstari wa njano, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na michoro ikazimwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitaka polisi waache kuwasumbua wenye matatu kwa sababu ya michoro, na rangi zikarudi.

Katika mvutano huo wote pande mbili zilikuwa zinabishana juu ya kile kinachoonekana. Serikali iliona michoro ikadhani imeona hatari; mashabiki waliona michoro wakadhani wameona ufundi. Hatari na ufundi vyote viko mahali pengine: namna viti vilivyochomelewa sakafuni, namna waya za spika na skrini zilivyopitishwa na kama zina fyuzi zake, kama uzito ulioongezwa umezingatiwa kwenye springi na breki. Nganya inayosifiwa leo husifiwa na abiria na kamera, na sifa hiyo ni halali, maana uzuri ni sehemu ya kazi. Ila abiria hawezi kuingia uvunguni. Shindano ambalo lingeipandisha nganya juu ya jeki, likampa jaji tochi na karatasi, na likahesabu mchomeleo wa kiti sawa na uso wa mchoro, lingewapa vijana wa gereji kile ambacho wale wa California walikipata mwaka 1948: mahali pa kujibu shutuma kwa kazi. Atakayesema kwamba wenye magari hawatakubali kukaguliwa namna hiyo ana hoja. Mwenye gari la biashara hapendi lilale siku mbili bila abiria. Lakini wenye nganya tayari hulaza magari kwa wiki kadhaa kwa ajili ya rangi mpya, kwa sababu rangi huleta abiria. Cheti cha uvungu safi nacho kinaweza kuleta abiria, hasa mzazi anayemtafutia mtoto gari la kwenda shule.

Kuna jambo moja la maonyesho ya Marekani ambalo lingefaa kuigwa bila kubadilishwa. Pembeni mwa gari husimama ubao wenye maelezo, na waungwana katika fani hiyo huandika humo nani alifanya nini. Kwetu jina la nganya hujulikana mji mzima, la dereva wake hujulikana njia nzima, na la aliyechomelea viti hujulikana na wachache waliokuwepo gereji siku ile. Ubao ukitaja fundi bodi, fundi rangi, fundi umeme na fundi wa kuchomelea, jaji akikuta mchomeleo uliopasuka atajua ni wa nani, na mwenye gari anayetafuta mtu wa kumsukia gari lijalo atajua ampigie nani simu.